Bi Sikudhani Afundishwa Kuuliza

Nchi yenyewe nisiitaje jina. Si kwamba naogopa. Katika nchi yetu hakuna anayeogopa, na waliowahi kusema wanaogopa wameshaelimishwa. Ni kwa sababu jina hilo kwa sasa linafanyiwa mapitio na kamati, na kamati haijakubaliana herufi ya kwanza iwe kubwa kiasi gani. Itoshe kusema kwamba tuna bendera, tuna wimbo, na tuna Rais anayetupenda kuliko tunavyostahili.

Rais huyo aliwahi kuzunguka mikoani, akarudi na huzuni. Kila alikopita aliwauliza watu kama wana shida yoyote, nao wakatazama viatu vyao. Wasio na viatu walitazama vya wenzao. Alipofika Ikulu akawauliza washauri wake kwa nini wananchi hawasemi. Washauri wangeweza kumkumbusha kwamba mtu wa mwisho kusema, katibu wa chama cha wakulima wa tumbaku, bado anatafutwa na mke wake. Lakini Rais alikuwa mezani, nao hawakutaka kumharibia chakula. Wakamwambia wananchi hawasemi kwa sababu hawajafundishwa kusema.

Ndivyo kilivyozaliwa Kituo cha Taifa cha Sera, Ushiriki na Uongozi. Mkurugenzi wake alikuwa Profesa Kastori Ng'walu, msomi aliyekaa ughaibuni akisomea uongozi kwa muda mrefu kiasi kwamba aliporudi alihitaji mtu wa kumkumbusha namna ya kuitikia shikamoo. Wafadhili walimpenda mara moja. Alikuwa na uwezo wa kusema neno "ushirikishwaji" mara nyingi katika sentensi moja na bado akafika mwisho wa sentensi akiwa hajaahidi kitu.

Kituo kilifungua matawi wilayani. Kwetu Mbingiri, mji mdogo wa milimani, palikosekana jengo. Wataalamu wakazunguka mji wakipima kwa macho, mwisho wakaipenda wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Ilikuwa na madirisha makubwa na maji ya bomba, na vitanda vyake vilikuwa rahisi kuondoa, maana waliovilalia hawakuwa na nguvu za kubisha. Kina mama wakaelekezwa Kisiwe, wilaya ya jirani, ng'ambo ya mlima. Kisha likapachikwa jiwe la msingi ukutani, likiwashukuru wananchi wa Mbingiri kwa kushiriki kikamilifu katika uamuzi huo.

Sisi wananchi tulilisoma jiwe tukafurahi kujua kwamba tulishiriki.

*

Bi Sikudhani Mkangwa alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ya Mbingiri isiyopikwa na yeye watu waliila kwa kulinganisha. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya kuinulia masufuria na sauti ya kuongozea wapishi walio upande wa pili wa moshi. Sauti hiyo hakuwahi kuitumia kwa mambo ya serikali. Alikuwa na mtoto mmoja, Hamduni, aliyekuwa migodini kaskazini, na mkwe, Nuriati, aliyekaa naye nyumbani, na aliyekuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza.

Uchungu ulimshika Nuriati asubuhi, wakati mama mkwe wake akichambua mchele. Zamani wangetembea hadi hospitali na kufika kabla jua halijakuwa kali. Sasa ilibidi kutafuta gari. Walipata pikapu ya muuza mkaa, wakamlaza Nuriati juu ya magunia, na Bi Sikudhani akakaa nyuma amempakata kichwa. Barabara ya Kisiwe ilikuwa imeliwa na mvua, na dereva aliendesha kwa adabu kadiri alivyoweza.

Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kona lilipo bango kubwa lisemalo Serikali Inakujali. Alikuwa wa kike. Alilia mara moja, kidogo, kama mtu anayeita jina kisha akasahau alikuwa akimwita nani. Bi Sikudhani alimfuta uso kwa kanga, akampulizia, akampigapiga mgongo jinsi alivyowahi kuwaona wakunga wakifanya. Walipofika Kisiwe mtoto alikuwa amekwisha kupoa. Muuguzi wa huko aliwaambia kwa upole kwamba alikuwa na makamasi tu kifuani, kitu cha kunyonywa kwa mpira mdogo, na kwamba wodi yoyote inao mpira huo.

Wakamzika Mbingiri. Kituo hakikukaa kimya. Kilituma wawakilishi msibani, wakatoa pole, wakagawa kofia za njano zilizoandikwa Ushiriki ni Wangu. Nuriati alipewa yake mkononi. Aliishika muda wote watu walipokuwa wakija na kuondoka, hakuivaa wala hakuitupa. Baada ya hapo hakusema sana. Alifagia, alipika, alifua, na akiulizwa kitu alijibu alichoulizwa tu.

Bi Sikudhani alikwenda kuuliza. Mganga mkuu alimwambia wodi si yake tena, ni ya Kituo. Kituo kikamwambia suala la uzazi ni la wizara nyingine. Mkuu wa wilaya alimwambia ameuliza vibaya, kwa kuwa hajapitia mafunzo.

"Mafunzo hayo yanatolewa wapi?" akauliza.

Mkuu wa wilaya akamwonyesha kwa kidole, kupitia dirisha, iliyokuwa wodi ya wazazi.

*

Ikawa bahati kwamba Kituo wakati huo kilikuwa kinatafuta mwanamke wa pembezoni. Wafadhili walikuwa wameona picha za kozi zilizopita, wakauliza mbona washiriki wote wana tai. Profesa Ng'walu, aliyekuwa amekuja kukagua tawi letu, alipomwona Bi Sikudhani amesimama mlangoni na kanga yake, mwenyewe, bila hata kutafutwa, alitoka nje kumpokea. Akamzunguka kidogo kama mtu anayenunua kabati, akasema ana uso wa ushiriki.

Kozi iliitwa Uongozi kwa Wote, na ilifanyika katika chumba kile kile ambamo Bi Sikudhani alimzaa Hamduni. Aliketi karibu na sinki analolijua. Aliyekuwa akigawa chai na maandazi alikuwa Nesi Yustina, mkunga wa wodi hiyo kwa miaka mingi, ambaye jengo lilipobadilishwa kazi naye alibadilishwa nalo. Cheo chake sasa kilikuwa Afisa Viburudisho. Alimmiminia Bi Sikudhani chai bila kumtazama usoni.

Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu aitwaye Pius Kang'oma. Aliandika kwenye bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayofunuliwa, na kufundisha kwamba swali la kiraia lina sehemu tatu: shukrani, pongezi na salamu. Mshiriki akiinua mkono, kiwiko kisipite bega, kwa sababu kiwiko kilichopita bega kinaashiria madai. Wakafanya mazoezi ya kupiga makofi ya kukubali, makofi ya kukubali sana, na makofi ya kusimama. Bwana mmoja wa tai aliuliza kama inaruhusiwa kuuliza swali ambalo mtu hajui jibu lake. Pius akasema hilo ni somo la ngazi ya juu.

Bi Sikudhani alisikiliza kila kitu kwa makini. Wengine walikuja kwa ajili ya maandazi na cheti. Yeye alikuja kujifunza kuuliza, na aliamini kwamba mahali fulani katikati ya makofi yale watafika huko. Na kweli walifika, kwa bahati mbaya. Siku moja Pius alifungua ukurasa usio wake katika kitabu kilicholetwa na wafadhili, akasoma kwa sauti kwamba kiongozi ni yule anayesema hadharani kile ambacho wenzake wanakisema majumbani. Alipogundua kosa alifunika kitabu na kutangaza mapumziko ya chai.

Lakini Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kusikia. Alipofika nyumbani alimsimulia Nuriati maneno yale yalivyokuwa. Nuriati aliacha kukuna nazi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kukuna.

*

Mwisho wa kozi huwa kuna Siku ya Wananchi Kuuliza. Mwaka huo ilifanyika kwetu, uwanjani, mbele ya Waziri wa Sauti za Wananchi, na wafadhili waliokuja na vidude vya kutafsiria masikioni. Ni sherehe nzuri. Maswali huandaliwa makao makuu, na majibu pia, na vyote viwili husafirishwa pamoja ili visipotezane. Bi Sikudhani alipewa swali kuhusu ufugaji wa nyuki. Profesa mwenyewe alimsikiliza akilikariri, akamwambia anafanya vizuri, ila apunguze sauti.

Zamu yake ilipofika alisimama. Aliinua mkono, na wale waliokuwa karibu wanasema kiwiko kilipita bega.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "wodi yetu ya wazazi tutarudishiwa lini?"

Waziri alikuwa akitafuta karatasi yake. Akaipata, akavaa miwani, akamshukuru mama kwa swali zuri kuhusu nyuki. Alisema serikali inawathamini nyuki. Alieleza kwamba nyuki wa nchi yetu ni wachapakazi na hawana makundi.

Bi Sikudhani hakukaa. Aliuliza tena maneno yale yale, safari hii kwa sauti anayotumia anapowaita wapishi walio ng'ambo ya moshi. Waziri, ambaye alikuwa na karatasi moja tu, akaisoma upya. Alipofika tena pale penye nyuki kutokuwa na makundi, mtu mmoja nyuma ya uwanja alicheka. Kisha mwingine. Kicheko kikapita kwa kina mama waliobeba watoto waliozaliwa Kisiwe, na kwa wale waliokwenda Kisiwe wakarudi bila kitu, na hao ndio waliocheka sana kuliko wote, na machozi yakawatoka.

Waziri aliondoka kabla ya ngoma. Nyuki hawakutajwa tena katika hotuba za serikali hadi leo.

*

Hapo mtu angetegemea Bi Sikudhani akamatwe, na gari la kazi hiyo lilikwisha kuwashwa. Lililomwokoa ni wafadhili. Walikuwa wamesikia kupitia vidude vyao vya masikioni swali halisi lililoulizwa na mwanamke halisi, na walisisimka kupita kiasi. Mmoja alilia. Wakamshika mkono Profesa, wakamwambia hii ndiyo kazi waliyoitamani miaka yote, na kwamba wangependa kuunga mkono swali hilo kwa muda mrefu.

Profesa Ng'walu, aliyekuwa amefungua kinywa kuomba radhi, alikifunga, akafikiri, akakifungua tena na kusema kwamba swali lile lilikuwa tunda la uwekezaji wao.

Basi ukaanzishwa Mradi wa Swali la Bi Sikudhani. Walikuja wataalamu wa kulichambua. Lilitafsiriwa, likawekewa malengo mahususi, likafanyiwa upembuzi yakinifu. Watu walikwenda kijiji hadi kijiji wakiwauliza kina mama kama wanaliunga mkono swali kwa kiasi kidogo, kiasi cha kati au kiasi kikubwa. Mama mmoja aliyekuwa karibu kujifungua aliwauliza wamekuja na gari gani na kama linakwenda Kisiwe. Walimshukuru kwa maoni yake na kuondoka nalo.

Wataalamu walipozidi kuwa wengi, ofisi zikawa finyu. Ilibidi Kituo kipanuke. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na wodi ya watoto.

Vitanda vidogo vilitolewa asubuhi moja, vikapangwa chini ya mti wa krismasi kwenye uwanja wa hospitali, na kina mama wakaambiwa wabebe watoto wao wawapeleke Kisiwe nao. Juu ya mlango wa jengo lililopanuliwa likatundikwa bango la plastiki, refu kama mkeka wa msibani, lenye uso wa Bi Sikudhani anayetabasamu. Chini ya uso huo iliandikwa: Nimeuliza, Nimesikika.

Watu walianza kumsalimia tofauti. Jirani mmoja alimwambia hongera kwa namna ambayo Bi Sikudhani alitembea nayo hadi nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Mwanamke mwingine, mwanawe mwenye homa akiwa mgongoni, alimwuliza bila hasira kama hakuna swali jingine analotaka kuuliza, maana wodi ya wanaume bado ipo.

Alikwenda kwa Profesa, ambaye sasa aliuendesha Mradi kutoka Mbingiri. Alimkuta katika kilichokuwa chumba cha kujifungulia, nyuma ya meza kubwa. Hakukaa alipokaribishwa. Alimwomba aliteremshe bango lenye uso wake, kisha awarudishie kina mama wodi zao, zote mbili.

"Mama yangu," Profesa akasema kwa sauti ya kubembeleza, "kwani wewe unadhani swali ni la kujibiwa?"

"Sasa ni la kufanyia nini, Profesa?"

"Swali ni rasilimali. Likijibiwa, limekwisha. Wataalamu watarudi makwao, wafadhili watatafuta nchi nyingine yenye swali, na wewe utarudi kwenye masufuria. Lakini lisipojibiwa, sote tunaishi nalo."

"Nuriati haishi nalo. Anakufa nalo."

Profesa akachukua kalamu, akauliza Nuriati ni mdau wa sekta gani.

Baadaye Bi Sikudhani alisema kwamba mpaka dakika ile alikuwa akidhani yule bwana ni mwongo, na kwamba angejua namna ya kushughulika na mwongo. Alichokiona kilimtisha zaidi. Profesa alikuwa anauliza kweli.

Alipoondoka alipewa habari njema: ameteuliwa Balozi wa Ushiriki, atazungushwa mikoa yote kuwasimulia wananchi jinsi alivyosikika, isipokuwa Mbingiri, ambako wameshasikia.

*

Hakwenda kokote. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wanawake wenye mimba, akawaeleza jambo rahisi. Semina za Kituo ziko wazi kwa wananchi wote. Mlangoni hakuna anayezuiwa, kwa sababu Kituo kinahitaji mahudhurio. Basi anayeona siku zimekaribia ahudhurie, na uchungu ukimkuta huko, ni nani wa kumlaumu.

Wa kwanza alikuwa Mwasiti, mke wa fundi baiskeli. Siku hiyo mada ilikuwa Mwanamke kama Nguzo ya Uongozi. Aliketi mstari wa mbele na kofia ya njano, Bi Sikudhani upande wake wa kulia na Nuriati wa kushoto, maana Nuriati alikuwa amesema naye anakuja, na alipolisema hilo mama mkwe wake hakuthubutu kumwuliza sababu. Pius Kang'oma alikuwa kwenye nguzo ya pili ya somo lake Mwasiti alipoinama na kushika kiti.

Pius akasimamisha somo. Profesa, aliyekuwa amekaa nyuma na mgeni wa tathmini, alimwashiria aendelee. Kisha akaja mbele kwa unyenyekevu, akainama kwa Mwasiti, akamwuliza kama ataweza kusubiri hadi mapumziko ya chai, ambayo hayakuwa mbali.

Nesi Yustina alikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi. Aliiweka sakafuni. Akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya gauni, akaanza kunawa, taratibu, hadi kwenye viwiko, kama mtu anayekumbuka jina lake. Bila kugeuka akaagiza kitu kisafi cha kutandika. Bi Sikudhani alitoka nje, akapanda juu ya kiti, akaung'oa uso wake mlangoni. Wakaliosha bango kwa sabuni na maji, wakaligeuza upande usioandikwa, wakalitandika, na Mwasiti akalala.

"Endelea, Bwana Kang'oma," Profesa akasema. "Ratiba ni ratiba."

Pius alifungua kinywa, akatazama nguzo yake ya pili, akatazama sakafuni. Akaliangusha bango kitita lote na kukimbilia jikoni kuchemsha maji. Makaratasi yake makubwa yalitumika kuzibia dirisha ili watu wasichungulie.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akiwa na makamasi. Nesi Yustina aliagiza mpira mdogo uliokuwa kwenye droo ya sinki, ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kujua kazi yake, na aliyekimbia kuuleta alikuwa Nuriati. Alisimama pale akatazama jinsi unavyotumika. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Mtoto akapiga kelele za hasira, na chumba kizima kikapumua. Nuriati alibaki ameshikilia ukingo wa sinki. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu ile safari ya pikapu, na Bi Sikudhani akamshika asianguke, hakumwambia anyamaze.

Profesa alimwandikisha mtoto kama mshiriki kijana.

Wiki ile wakaja wengine. Walikuja na mikeka, na ndoo, na mama zao. Semina hazikuwahi kujaa vile. Wataalamu walivumilia, wakisema ushiriki umevuka malengo, mpaka ilipofika hatua kila mada ilikatizwa na kilio cha mtu aliyefika duniani bila kualikwa. Waliondoka mmoja mmoja kwenda kufanyia kazi hotelini, na kila aliyeondoka, meza yake ilipata godoro, la mzazi au la mtoto mgonjwa. Pius hakuondoka. Alijifunza kuchemsha vifaa, na inasemekana alikuwa mwanafunzi mzuri.

*

Serikali ilichukua hatua mbili kwa siku moja, kwa kuwa ni serikali inayoweza.

Asubuhi, Waziri wa Sauti za Wananchi alikuja Mbingiri akiwa na hotuba mpya, akakata utepe mwekundu na kuizindua wodi ya wazazi kuwa Tawi la Vitendo la Kituo, ushahidi kwamba sera zinazaa matunda. Aliwashukuru Profesa na wafadhili. Nesi Yustina alipewa cheti cha viburudisho. Tukapiga makofi ya kusimama, tuliofundishwa na tusiofundishwa.

Mchana, Bi Sikudhani alifikishwa mahakamani. Hapo palikuwa na ugumu wa kisheria, kwa sababu Katiba yetu inamhimiza kila raia kushiriki. Mwendesha mashtaka alisema hapingi mshtakiwa kushiriki, anapinga mshtakiwa kushiriki vibaya: alikuwa ameuliza swali na kutegemea jibu, kisha jibu lilipochelewa akajipa mwenyewe. Hakimu alimwambia kwamba tangu aanze kazi hajaona kosa kama hilo, na kwamba katika nchi nzima yenye watu wema ni yeye peke yake aliyefikiri hivyo. Hakumfunga. Alimhukumu kurudia kozi, makao makuu, chini ya uangalizi, hadi Kituo kitakaporidhika kwamba ameelewa.

Nuriati alimsindikiza hadi kwenye gari la polisi, amembebea nguo zake. Kulikuwa na harusi Jumamosi ile, na masufuria yalikwisha kuazimwa. Bi Sikudhani akaanza kumweleza habari za vitunguu, sauti yake ikamkatika, na ilikuwa ajabu kuona sauti ile ikikatika.

"Nenda, mama," Nuriati akamwambia. "Nitapika mimi. Hamduni akija likizo, tutakuwa na mengine ya kukusimulia. Njia ya hospitali siku hizi ni fupi."

*

Makao makuu ni jengo la vioo lenye bustani. Bi Sikudhani alishushwa hapo na askari wawili, akapewa kofia, akaelekezwa ukumbi wa mwisho wa korido, unaoitwa Darasa la Marudio. Alisimama mlangoni kwanza kuvuta pumzi. Alitegemea kukaa peke yake na mwezeshaji mbele ya viti vitupu.

Viti vilikuwa vimejaa. Karibu na mlango alikaa mwanamume mwembamba mwenye mvi, ambaye alisogea kumpisha, akajitambulisha kuwa ni Lazaro Chitemo, mwalimu kutoka bonde la kusini. Bi Sikudhani akamwuliza yeye kimemleta nini. Mwalimu akasema, ni daraja. Watoto walikuwa wanavuka mto kwa kamba. Aliandika barua hadi akachoka, ndipo yeye na wazazi wakalijenga wenyewe kwa magogo, na siku ya kulizindua Waziri alikuja, na yeye akaletwa huku. Mwanamke mwenye mtoto, kiti cha nyuma, akasema kwake ni bomba la maji lililokuwa linapita kijijini bila kusimama. Kijana wa ziwani akasema bei ya samaki, kisha akaonyesha mkono uliovunjika. Mzee mmoja alisema tu kwamba aliuliza alipo katibu wa chama cha wakulima wa tumbaku.

Kila mmoja wao alikuwa ameambiwa na hakimu wake kwamba katika nchi nzima ni yeye peke yake.

Walitazamana. Halafu mwalimu Chitemo akauliza, kwa sauti ya chini, ile wodi waliirudishaje hasa, hatua kwa hatua. Na Bi Sikudhani akavuta kiti chake katikati, wengine wakavuta vyao kumzunguka, naye akaanza kuwaeleza. Serikali yetu ilikuwa imewatafuta kila pembe ya nchi, ikawasafirisha kwa magari yake, ikawaweka chumba kimoja chenye feni na chai ya maziwa. Naomba ieleweke kwamba huo ni ukarimu, na nchi nyingine haziufanyi.

Mwezeshaji alifika na bango kitita kwapani. Alikuta migongo. Akakohoa, akasema somo la kwanza linahusu namna ya kushiriki.

Bi Sikudhani akageuka.

"Karibu, baba," akamwambia. "Kaa hapo nyuma kidogo. Tukifika kwenye swali lako tutakuita."

Kijana akatafuta kiti, akakaa.